Maghorofa ya Stalin kule Moscow: maswali yale yale ambayo kila mtu anauliza

Kila nikimwonyesha mtu picha zangu za Moscow, maswali ni yale yale. Hilo ndo Kremlin? Si nilikuonyesha hilo hilo jana? Mbona liko kama keki? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwaiyo nimeyakusanya hapa. Nilisoma kule miaka kadhaa nikawa nayaona haya majengo kila siku, nikianzia kuyashangaa, baadae kuyachukia kidogo, mwisho nikawa siwezi kutembea mjini bila kuyatafuta kwa macho. Kama jibu liko kwenye swali jingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya msingi

"Dada Saba" ni kitu gani hasa?

Ni maghorofa saba makubwa yaliyojengwa Moscow kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na 1957, yote yana umbo la kupanda kwa ngazi ngazi na juu kabisa kuna mnara wenye ncha. Jina la Dada Saba ni la wageni zaidi. Warusi wenyewe wanasema "vysotka", yani jengo refu tu, au "vysotki za Stalin" zikiwa nyingi. Enzi zile lile neno lao la kumaanisha jengo linalokwaruza mbingu lilikwepwa makusudi kwasababu lilinuka Marekani, na huwezi kujenga kitu cha kumshinda bepari alafu ukakiita kwa jina lake.

Ni yapi na yako wapi?

La kwanza kwa urefu ni jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow, mita 240 ukihesabu na ncha, liko juu ya kilima cha Vorobyovy Gory kusini-magharibi. Linafuata Hotel Ukraina kwenye kona ya mto, mita 206. Alafu lile la makazi la Kotelnicheskaya pale mto Yauza unapoingia mto Moskva, mita 176. Wizara ya Mambo ya Nje iko Smolenskaya, mita 172. Jengo jingine la makazi liko Kudrinskaya, mita 156, jirani kabisa na ubalozi wa Marekani. Yaliyobaki mawili ni mafupi: lile la Krasnye Vorota, yani Lango Jekundu, mita 138, na Hotel Leningradskaya karibu na stesheni tatu za treni, mita 136.

Ukiwa mgeni yote utaona moja. Mimi baridi ya mwaka wa kwanza nilimwambia rafiki yangu tukutane "pale kwenye ghorofa lenye ncha", mimi nikasimama Smolenskaya yeye akasimama Krasnye Vorota, kila mtu anamlaani mwenzake, na simu yangu haina salio. Tulikuja kuonana usiku hosteli.

Mbona yanafanana na keki ya harusi?

Kwasababu yamepangwa kwa matabaka, chini pana juu panapungua hatua kwa hatua, na kila hatua imewekewa mapambo, vinara, sanamu, nguzo, nyota, masuke ya ngano. Ila chanzo cha umbo ni mchanganyiko. Kuna minara ya Kremlin yenyewe, ambayo nayo inapanda kwa matabaka na kumalizia na ncha na nyota. Kuna makanisa ya zamani ya Kirusi. Alafu kuna kitu ambacho hawakupenda kukisema kwa sauti, majengo ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 (angalia swali la kuiga Wamarekani, kule kwenye ujenzi).

Nani aliamua yajengwe, na kwanini wakati ule ambao watu hawakuwa na hata vyumba?

Uamuzi ulitoka Januari 1947, wa Baraza la Mawaziri la Umoja wa Kisovieti, na kila mtu anajua Baraza la Mawaziri la wakati ule maana yake ni Stalin. Mawe ya msingi yakawekwa siku moja, tarehe 7 Septemba 1947, siku Moscow inasherehekea kutimiza miaka 800. Michoro ya kueleweka bado haikuwepo. Wameweka mawe ya msingi ya majengo ambayo hata hawajajua yatakaaje, sherehe kwanza mengine baadae.

Na ndio, swali la vyumba ni la haki kabisa. Vita vimeisha miaka miwili tu nyuma, familia nzima zinakaa chumba kimoja kwenye nyumba za kushirikiana jiko na choo, wengine kwenye mabanda ya mbao. Khrushchev, yule aliyekuja kutawala baada ya Stalin, kwenye kumbukumbu zake anaeleza kwamba hofu ya Stalin ilikuwa wageni: tumeshinda vita, watakuja Moscow, wataangalia huku na huku hawaoni majengo marefu, watatulinganisha na miji ya kibepari. Ukishajua hilo, mengi yanaeleweka. Haya majengo yalijengwa ili yaonekane kwanza, kukaliwa ilikuwa jambo la pili.

Stalin aliyaona yamekamilika?

Machache tu. Alikufa tarehe 5 Machi 1953. Chuo kilifunguliwa tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, hakuwahi. Hotel Ukraina ilikuja kumalizika 1957, wakati huo mrithi wake ameshaanza kuyasema vibaya hadharani.

## Sura ya jiji ukiliangalia kwa mbali

Kwanini yametawanyika badala ya kuwekwa sehemu moja?

Hapa ndo utamu wenyewe ulipo, na ndo sababu nawaambia watu wasiyaangalie moja moja. Manhattan kule New York majengo marefu yamebanana kwasababu ardhi ni ghali, kila mwenye hela anapandisha lake pale pale. Moscow ardhi ilikuwa ya serikali, hakuna mtu anayeuza kiwanja, kwaiyo urefu haukuwa na sababu yoyote ya kibiashara. Wangeweza kuliweka jengo popote, na wakaweka kama mtu anayepanga vinyago kwenye kabati.

Matatu yako kwenye barabara ya mzunguko ya Sadovoye inayozunguka katikati ya mji. Mawili yamekaa kwenye mto, pale unapopinda au kukutana na mwenzake, ili ukiwa mbali bado ulione mwisho wa maji. Moja liko pale stesheni, mtu akishuka treni kutoka Leningrad au Siberia kitu cha kwanza ni hicho. La chuo likapewa kilima. Yani kila njia kubwa ya kuingilia mjini mwisho wake kuna ncha inakusubiri.

Hata umbali wa hatua chache uligombaniwa. Boris Iofan ndo alikuwa mchoraji wa kwanza wa jengo la chuo na alitaka liwe ukingoni kabisa mwa kile kilima, juu ya mto, kwasababu kimandhari pale ndo penyewe. Wahandisi wakaogopa udongo utateleza. Akang'ang'ania, akaondolewa, kazi akapewa Lev Rudnev, na jengo likarudishwa nyuma mamia ya mita. Nikisimama pale ukingoni huwa namwelewa Iofan, ila nashukuru hakusikilizwa.

Kwani kabla ya hapo Moscow ilionekanaje?

Ilikuwa mji wa chini, nyumba za ghorofa mbili tatu, na juu yake yamechomoza makanisa. Kulikuwa na msemo wao kwamba Moscow ina makanisa "arobaini mara arobaini". Mnara wa kengele wa Ivan Mkuu ndani ya Kremlin, mita 81, ulikuwa ndo mfalme wa anga kwa karne nyingi. Mtu akija kwa farasi kutoka mbali alikuwa anaona minara ya kengele na makuba ya dhahabu kabla hajaona nyumba hata moja.

Miaka ya 1920 na 1930 makanisa mengi sana yakabomolewa. Matokeo yake mji ukabaki bapa. Wachoraji wa Kisovieti waliliona hilo, hawakuwa wajinga, na ukiwasoma wanavyoeleza kazi yao utaona wanazungumzia kuurudishia mji minara yake. Kwaiyo vysotki zilikuja kukaa kwenye nafasi ya makanisa, kazi ile ile ya kumwonyesha mtu yuko wapi, ila sasa juu kuna nyota badala ya msalaba. Na zinafanya kazi jamani. Mimi nilikuwa nikitoka metro, yani treni ya chini ya ardhi, nimechanganyikiwa, nainua kichwa natafuta ncha, nikishajua ni ipi nimepata njia. (Nilichukua mwaka mzima kuzitofautisha, hilo nimeshasema.)

Ni kweli kulikuwa na jengo la katikati ambalo halikujengwa?

Ni kweli, na bila kulijua hilo huwezi kuuelewa mpangilio. Lilikuwa linaitwa Kasri la Wasovieti. Shindano la michoro lilianza 1931, akashinda huyo huyo Iofan. Mchoro wa mwisho ulikuwa wa mita 415, yani kuizidi Empire State ya New York yenye mita 381, na mita 100 za juu kabisa ni sanamu ya Lenin amenyoosha mkono. Ili wapate kiwanja wakalilipua Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mwezi Desemba 1931.

Msingi ulichimbwa, chuma kikaanza kupanda. Vita vikaja 1941, kile chuma kikafunguliwa kikaenda kutumika kwenye mambo ya vita. Shimo likabaki. Baadae, 1960, likageuzwa bwawa la kuogelea la wazi, la maji ya moto, watu wanaogelea nje kwenye theluji na mvuke unapanda. Miaka ya 1990 wakalijenga upya lile lile kanisa pale pale.

Sasa wakati vysotki zinapangwa 1947, hilo kasri bado lilikuwa kwenye mpango. Yale saba yalikuwa wasindikizaji. Yamepangwa kuzunguka kitu kikubwa zaidi ambacho hakikuja, ni kama harusi ambayo wasimamizi wote wamefika wamevaa sare, bibi harusi hayupo. Ndo maana ukiangalia ramani unahisi kuna kitu kinakosekana.

Jengo la nane je?

Lilikuwa lijengwe Zaryadye, kando kabisa ya Kremlin, na mchoraji alikuwa Dmitry Chechulin, yule yule wa Kotelnicheskaya. Lingekuwa na mita 275 hivi, refu kuliko yote. Mifupa ya chuma ilishaanza kupanda Stalin alipokufa, ikasimamishwa, ikabomolewa. Juu ya msingi wake miaka ya 1960 ikajengwa Hotel Rossiya, dubwana lenye maelfu ya vitanda, hilo nalo likabomolewa kuanzia 2006, na tangu 2017 pale ni bustani ya Zaryadye. Mimi naona ni bahati. Lingeifanya Kremlin ionekane kama kibanda cha mlinzi.

Majengo mapya ya vioo yameyaua?

Yameyapunguza, hayajayaua. Jengo la chuo lilibaki refu kuliko yote Ulaya mpaka 1990, Frankfurt walipomaliza Messeturm. Alafu ikaja Moscow-City, lile fungu la maghorofa ya vioo magharibi mwa mji, ambalo mnara wake mmoja wa Federation umefika mita 374. Kwa namba vysotki zimeachwa mbali.

Ila sura ya jiji haiendi kwa namba peke yake. Moscow-City ni fungu moja, umeliona mara moja umemaliza, liko kule. Vysotki ziko kila upande, unazikuta ukiwa kwenye basi, ukiwa dirishani kwa mtu, ukivuka daraja. Na zimebaki na hiyo nguvu kwa ajali ya historia, kwasababu baada yake ujenzi wa minara ulisitishwa ghafla (angalia swali la kwanini waliacha), mji ukaendelea kukua chini chini kwa miongo mingi. Wangeendelea kujenga nyingine ishirini, hizi saba zisingekuwa na maana yoyote.

## Ujenzi wenyewe

Waliwezaje kwenye udongo mbovu?

Moscow haina mwamba mgumu karibu kama Manhattan, ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na maji. Kwa jengo la chuo mhandisi Nikolai Nikitin alibuni msingi wa kama boksi kubwa la zege ambalo linagawa uzito sawa sawa, jengo linakaa kama linaelea. Huyo Nikitin mkumbuke, baadae ndo alisimamisha mnara wa televisheni wa Ostankino wa mita 540 uliokamilika 1967. Juu ya msingi ni fremu ya chuma, katikati wamejaza matofali, nje wamevika mawe na vigae. Kuta nene mpaka unashangaa, dirishani kwenye kingo unaweza ukakaa na kitabu.

Nimesikia kuna moja lilijengwa limeinama makusudi. Ni uongo?

Ni kweli, na ndo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Ni lile la Krasnye Vorota, la Alexey Dushkin na Boris Mezentsev. Chini yake walitaka pia kuweka mlango wa metro wenye eskaleta, kwaiyo shimo la kina kirefu linachimbwa ubavuni mwa ghorofa ambalo lenyewe linapanda wakati huo huo, na udongo ni wa majimaji. Wakaamua kuugandisha. Wakazamisha mabomba, wakapitisha maji ya chumvi yenye baridi kali, udongo ukawa kama jiwe, wakachimba.

Tatizo udongo ukiganda unavimba, na ukiyeyuka unashuka. Walijua siku ukiyeyuka ule upande utazama na jengo litalala. Wakapiga hesabu wakalijenga limeinama upande wa pili, sentimita 16 hivi. Udongo ulipoyeyuka jengo likajirudi taratibu likanyooka. Fikiria wewe ndo mhandisi, umesaini, Stalin yuko hai, unasubiri udongo uyeyuke. Usingizi ungetoka wapi.

Ni nani walijenga kwa mikono yao?

Vijana wa kujitolea wa chama, wanajeshi, mafundi, na wafungwa wengi. Kwenye jengo la chuo wafungwa wa Gulag, yani zile kambi za kazi za lazima, walikuwa sehemu kubwa ya nguvu kazi na hilo halina ubishi tena. Magazeti ya enzi zile yalionyesha vijana wanaotabasamu tu.

Kwaiyo waliiga Wamarekani au hawakuiga?

Waliiga, ila sio kama kunakili ukurasa. Jengo la manispaa la Manhattan la 1914 ukiliangalia alafu uangalie vysotka utaona undugu bila kuambiwa. Na Vyacheslav Oltarzhevsky, mmoja wa waliochora Hotel Ukraina, alikaa Marekani zaidi ya miaka kumi akijifunza namna ya kujenga maghorofa. Aliporudi alikamatwa akapelekwa kambi ya wafungwa ya Vorkuta. Alafu ilipofika zamu ya vysotki wakamhitaji. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu ncha kuna kisa maarufu cha Wizara ya Mambo ya Nje. Jengo lilichorwa juu bapa, Stalin akaagiza liwekwe ncha, lakini mifupa haikuandaliwa kubeba uzito huo, kwaiyo ile ncha ikatengenezwa kwa bati jepesi likapakwa rangi ifanane na ukuta. Ndo maana ni pekee ambalo halina nyota juu. Wanasema ilikuwa ili wasionekane wameiga ng'ambo moja kwa moja, na hapo ndo unacheka, jengo la kuwapokelea wageni lina kofia ya bati.

## Ndani mle

Kuna watu wanaishi?

Wapo. Kotelnicheskaya na Kudrinskaya ni nyumba za makazi mpaka leo. Zamani walipewa watu maalum, Kudrinskaya ilikuwa ya watu wa ndege, Kotelnicheskaya wasanii na wakubwa. Mchezaji ballet Galina Ulanova aliishi pale, na mwigizaji Faina Ranevskaya, ambaye chini ya dirisha lake kulikuwa na duka la mkate na sinema, akawa anatania kwamba anaishi juu ya mkate na burudani. Hoteli mbili bado ni hoteli, zimekarabatiwa. Wizara bado ni wizara.

Ule mnara wa chuo ni wanafunzi wote wanasoma mle?

Hapana. Mle kuna vitivo vichache, utawala, ukumbi, makumbusho ya sayansi ya dunia ghorofa za juu, na mabawa ya pembeni ni hosteli. Rafiki zangu waliokaa mle walikuwa na vyumba viwili vidogo vinavyochangia choo na bafu, wanaita "blok". Unaweza ukakaa wiki nzima wakati wa baridi bila kutoka nje, duka liko ndani, kantini ndani, maktaba ndani. Wengine walikuwa wanafanya ivo kweli, unawaona wamepauka.

Wale Watanzania, Wakenya na Wakongo waliosoma Urusi zamani walisoma humo?

Wachache. Wengi walienda Chuo cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, ambacho kina majengo yake mengine kusini-magharibi, ya kawaida kabisa. Ila mzee yeyote aliyesoma Moscow atakuwa na picha amesimama mbele ya ule mnara na koti refu. Ndo picha iliyokuwa inatumwa nyumbani. Na Kiswahili kinafundishwa chini ya chuo kikuu hicho hicho, kwenye taasisi ya nchi za Asia na Afrika, lakini jengo la taasisi liko katikati ya mji karibu na Kremlin, sio kule kilimani.

Mgeni anaruhusiwa kuingia?

Hotelini unaingia ukumbi wa chini kama mteja yeyote, na Leningradskaya usiikose, ndani imepambwa kama kanisa. Chuoni lazima uwe na kitambulisho cha kupitia mlangoni, mlinzi hana mzaha. Wizarani usijaribu.

## Nje ya Moscow

Lile la Warsaw nalo ni ndugu yao?

Ni ndugu wa damu. Kasri la Utamaduni na Sayansi, mita 237, lilijengwa 1952 mpaka 1955, mchoraji ni yule yule Rudnev wa chuo, na lilikuja kama zawadi kutoka Umoja wa Kisovieti. Zawadi ya mtu ambaye huwezi kumkatalia. Liliitwa jina la Stalin, baadae jina likaondolewa. Rudnev alizunguka miji ya zamani ya Poland kuangalia kuta za juu za majumba yao, ndo maana kingo za juu za jengo zina meno meno ya Kipoland ambayo huyakuti Moscow.

Lakini athari yake kwa mji ni tofauti kabisa. Moscow ni saba zimetawanyika, Warsaw ni moja tu, katikati, kwenye mji ambao Wajerumani walikuwa wameufanya kifusi. Unaliona popote ulipo, ulipende usilipende. Wapoland wana utani kwamba mandhari nzuri kuliko zote za Warsaw unazipata ukiwa juu ya kasri, maana ni sehemu pekee ambayo kasri halionekani. Baada ya 1989 wengi walitaka libomolewe. Badala yake wakajenga maghorofa ya vioo pembeni yake kulizunguka, na 2007 likaingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi. Sasa limezidiwa urefu na Varso Tower ya mita 310, lakini ukimwambia mtoto wa kule achore Warsaw atachora lile.

Yako wapi mengine?

Riga kuna Chuo cha Sayansi cha Latvia, mita 108, lina sehemu ya kuangalia mji ukiwa juu. Prague kuna Hotel International. Bucharest kuna Casa Scânteii, lilikuwa la magazeti ya chama. Kyiv walianza hoteli yao ya mtindo huo, amri ya kupunguza mapambo ikawakuta katikati, wakaifungua 1961 bila ncha, inaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kofia.

Afrika Mashariki tuna lolote la namna hii?

La ngazi ngazi na ncha hapana. Uhuru wetu ulipokuja, Wasovieti wenyewe walishaacha mtindo huu. Tulichopata ni mtoto wa zama zilizofuata, majengo ya mistari iliyonyooka bila pambo. Hospitali kubwa ya Kisumu iliyojengwa kwa msaada wao miaka ya 1960, watu wanaiita "Russia" mpaka leo. Na yale maghorofa marefu ya Michenzani kule Unguja yanatokana na msaada wa Ujerumani Mashariki, hao nao walikuwa kambi ile ile. Ukitaka kuona fikra ya Moscow baada ya Stalin kwa macho yako, nenda Michenzani.

## Yenye utata

Kwanini waliacha ghafla?

Hela. Mwishoni mwa 1954 Khrushchev alisimama mbele ya wajenzi kwenye mkutano wao akawaponda wachoraji wanaojenga minara badala ya nyumba, alafu Novemba 1955 ikatoka amri rasmi ya kufuta "yaliyozidi" kwenye ujenzi. Leningradskaya ilitajwa kwa jina: vyumba 354 vimegharimu kama hoteli ya kawaida iliyo kubwa zaidi. Mchoraji wake Leonid Polyakov akanyang'anywa tuzo ya Stalin aliyokuwa amepewa kwa kazi hiyo hiyo. Baada ya hapo zikaja nyumba za ghorofa tano za vipande vya zege, hazina lifti, hazina pambo, na mamilioni ya watu kwa mara ya kwanza wakapata mlango wao wa kufunga. Mimi Khrushchev simlaumu kabisa.

Zile hadithi za mfungwa aliyeruka na mabawa na nguzo za kanisa ni za kweli?

Ya mabawa inasema mfungwa aliyekuwa anajenga chuo alijitengenezea mabawa ya plaiwudi akaruka kutoka juu. Wengine wanasema alipigwa risasi hewani, wengine alitua ng'ambo ya mto akapotelea mbali. Kila hosteli ina toleo lake, ichukue kama ngano. Nguzo za mawe ya thamani za ofisi ya mkuu wa chuo kwamba zimetoka kwenye kanisa lililolipuliwa, nayo iko kundi hilo hilo. Na dhahabu ya ile ncha sio dhahabu, ni vioo vya njano.

Lile refu jipya la Triumph Palace ni dada wa nane?

Wauzaji wa nyumba ndo wanasema ivo. Lilimalizika katikati ya miaka ya 2000, mita 264, refu kuliko hata chuo, na Astana kule Kazakhstan nao wamejenga lao la kufanana. Umbo wamelipata. Ila limewekwa pale kiwanja kilipopatikana, halitazami barabara wala mto, halimalizii njia yoyote. Ukirudi kwenye swali la kutawanyika hapo juu utaona kwanini mimi simhesabu.

Nikipita Moscow nina nusu siku tu, niangalie lipi?

Usiangalie moja. Kama ni kiangazi panda boti ya mtoni kutoka karibu na stesheni ya Kievsky, utaanza na Ukraina mgongoni, mto utakuzungusha chini ya kilima cha chuo, utapita Kremlin, na Kotelnicheskaya itakuja mbele yako taratibu kwenye kona mpaka ijaze macho. Kaa upande wa kushoto. Kama ni baridi vaa soksi mbili, panda metro mpaka Krasnye Vorota, na ukiwa kwenye eskaleta inayopandisha, kumbuka unapita pale pale walipogandisha udongo.